Katani si bangi, na bangi haihalalishwi kwa jina

Kila tunapokaribia Juni 26, siku ya kimataifa ya kupambana na dawa za kulevya, tunaulizwa swali lilelile: ikiwa Tanga wamelima katani miaka yote, kwa nini mwenye mche mmoja wa bangi nyuma ya nyumba akamatwe?

Anayeuliza amechanganya mimea miwili. Katani ni neno la Kiarabu, kattan, yaani kitani, kile kile cha nguo za kitani tunazozisoma katika Biblia. Waswahili walilitumia kwa uzi na kamba. Mkonge ulipoletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, nyuzi zake nazo zikaitwa katani. Waingereza wana neno moja, hemp, walilolitumia kwa nyuzi za bangi na za mkonge pia, na hapo ndipo wanaotafsiri wanapopotea. Mkonge hauna undugu wowote na bangi.

Bangi nayo ilitoka mbali. Kwa Kisanskriti ni bhanga, Waajemi wakaita bang, nasi tukalipokea kupitia safari za Bahari ya Hindi. Mche ni mbangi, wingi wake mibangi. Ganja pia ni neno la Kihindi, kwa hiyo vijana wanaodhani ni jina jipya wamechelewa sana.

Naomba tuelewane: kwa Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Sura ya 95, haiangalii umeuitaje mmea. Tena "kusafirisha" katika sheria hii si kupakia gari tu. Kununua, kuuza, kuhifadhi na kupeleka vyote vimo, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka 30, au cha maisha kwa kiasi kikubwa. Kinachokamatwa hupimwa uzito, huandikiwa hati mbele ya shahidi huru, hufungwa kwa lakiri, kisha hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Taarifa yake ndiyo inayosema mmea ni upi. Kamusi haiitwi mahakamani.

Ukikuta mbangi umeota shambani kwako, usiung'oe na kuubeba kwenda kituoni, hata kwa nia njema. Uache ulipo, mwite mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa aje auone, kisha polisi wapewe taarifa waufuate hapohapo.