Mario Lemieux: mchezaji aliyeidai timu yake mpaka akaimiliki

Oktoba 1998 timu ya hoki ya barafuni ya Pittsburgh Penguins ilienda mahakamani kuomba ulinzi chini ya Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi ya Marekani, ile inayoiacha kampuni iendelee na kazi huku ikipanga upya madeni yake, madeni yameshapita dola milioni 90, na kwenye orodha ya wanaodai bila dhamana yoyote jina lililokaa juu kabisa halikuwa la benki wala mkandarasi, lilikuwa la mchezaji wao wenyewe aliyestaafu mwaka mmoja nyuma. Mario Lemieux. Alikuwa anawadai dola milioni 32 na ushee, na yote hiyo ni jasho lake, mshahara uliosogezwa mbele na kusogezwa tena.

Mimi kazi yangu ni makampuni yaliyozidiwa na madeni, orodha za wadai nazisoma kuliko gazeti, na vijana wa ofisini wakiniuliza kugeuza deni kuwa hisa maana yake nini kwa vitendo huwa nawapa kesi hii. Wanashangaa kidogo maana hoki wanayoijua wao ni ile ya kwenye nyasi, hii ya kuteleza na viatu vya chuma wanaiona kwenye Olimpiki tu, lakini hesabu ni hesabu, ukielewa deni la Lemieux umeelewa nusu ya kazi yetu.

Kwanza mjue mwenyewe, maana bila kujua alikuwa mchezaji wa aina gani huwezi kuelewa kwa nini mahakama na wadai walimsikiliza. Amezaliwa Montreal, Kanada, mwaka 1965. Msimu wa 1983-84 akiwa na timu ya vijana ya Laval alifunga magoli 133 kwenye mechi 70, ndiyo, 133, na Penguins waliokuwa wanaburuza mkia kwenye ligi kuu ya NHL wakamchukua wa kwanza kabisa kwenye mgao wa chipukizi wa 1984, pale timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu. Siku ya mgao wenyewe aligoma kuvaa jezi mbele ya kamera kwa sababu mazungumzo ya mkataba yalikuwa hayajamridhisha. Miaka 18 huyo! Mimi hapo ndipo ninapomwona mfanyabiashara kabla hata hajagusa barafu ya NHL. Halafu Oktoba 11, mechi yake ya kwanza, wako Boston, anaingia zamu yake ya kwanza, anampokonya Ray Bourque paki, kile kisahani kigumu kinachochezwa badala ya mpira (Bourque si beki wa kubahatisha, ni mmoja wa mabeki wakubwa wa mchezo huo), anaondoka peke yake kwenda kwa golikipa, shuti la kwanza kabisa maishani mwake NHL, goli.

Ukitaka kuona ubora wake kwa karibu chukua Desemba 31, 1988 dhidi ya New Jersey Devils. Kwenye hoki mchezaji akikosea anatolewa anakaa pembeni kwa dakika kadhaa, timu yake inabaki pungufu, kwa hiyo kuna goli la timu zikiwa sawa, kuna goli ukiwa umezidi mtu, kuna goli ukiwa umepungukiwa, kuna penalti, na kuna goli la wavu mtupu pale wapinzani wanapomtoa kipa wao mwishoni ili waongeze mshambuliaji. Jamaa usiku ule alifunga magoli matano, moja kwa kila njia. Msimu ule alimaliza na magoli 85 na pasi za goli 114, jumla pointi 199. Baadaye akawapa Pittsburgh Kombe la Stanley, ndilo kombe la ubingwa wa NHL, mara mbili mfululizo, 1991 na 1992, na mgongo wake ulikuwa mbovu kiasi cha kufanyiwa upasuaji.

Baada ya hilo kombe la pili, Oktoba 1992, ndipo ukasainiwa mkataba wa miaka 7 wa dola milioni 42. Kumbuka huo mkataba, tutaurudia. Miezi mitatu baadaye, Januari 1993, madaktari wakamkuta na saratani ya tezi za limfu, ile ya Hodgkin. Akaanza mionzi. Machi 2 alipata dozi ya mwisho asubuhi, akapanda ndege kwenda Philadelphia, jioni akacheza, akafunga na kutoa pasi ya goli, na mashabiki wa Philadelphia ambao kwa kawaida hawana huruma na mtu wa Pittsburgh wakasimama kumpigia makofi. Pamoja na mechi zote alizokosa bado alimaliza msimu akiongoza ligi kwa pointi, 160 kwa mechi 60. Mwaka huohuo akaanzisha mfuko wake wa kuchangia utafiti wa saratani, na mfuko upo mpaka leo.

Sasa hela. Wamiliki wa Penguins miaka ile ya tisini walikuwa wanasajili majina makubwa kuliko mifuko yao, na dawa waliyoipata ni ileile tunayoiona kila mahali: saini mkataba mnono, lipa kidogo sasa, nyingine tutalipana mbele ya safari. Mchezaji anaona ana milioni 42. Mimi nikiusoma mkataba wa namna hiyo naona mtu aliyemkopesha mwajiri wake bila kushika dhamana yoyote. Na hili wadau naomba mlishike kwa sababu linawahusu hata nyie mnaodai malimbikizo, kampuni ikizama anayelipwa kwanza ni aliyeshika dhamana, benki mara nyingi, halafu gharama za kesi yenyewe pamoja na sisi washauri (ndiyo, huwa tunalipwa mapema, msinitazame hivyo), kuna madai machache ya mishahara ambayo sheria inayapa kipaumbele lakini yana kikomo chake, kikomo ambacho kwa mtu wa mamilioni ni hela ya soda. Kiasi kikubwa kilichobaki kinaangukia kwenye kundi la wasio na dhamana, wanaogawana makombo.

Lemieux alistaafu 1997, wakamwingiza kwenye jumba la heshima la hoki mwaka huohuo bila kumsubirisha ile miaka 3 ya kawaida, na mwaka uliofuata timu ikafilisika.

Jiulize, timu ya hoki ina mali gani ya kuuza? Ukumbi si wao, wamepanga. Wachezaji ni mikataba, na mikataba ni gharama. Fimbo na viatu utauza kwa bei gani? Thamani yote iko kwenye kibali cha ligi cha kucheza, na kibali kile kilikuwa na wanaokimezea mate, tetesi zilikuwa timu inaweza kuhamishiwa Portland au hata kuvunjwa kabisa. Kwa mdai asiye na dhamana zote hizo ni habari mbaya.

Lemieux akaja na pendekezo lake. Dola milioni 20 za deni lake akakubali zigeuke hisa, akaongeza milioni 5 taslimu toka mfukoni, akawatafuta wawekezaji wengine wakiongozwa na bilionea Ron Burkle, akakaa mezani na waendeshaji wa ukumbi na watu wa televisheni ili waendelee na timu. Juni 1999 jaji akaupitisha mpango, Septemba ligi ikabariki. Watu wanasimulia kama hadithi ya mapenzi, shujaa kaiokoa timu, na mapenzi yalikuwepo sikatai, ila mimi naona kitu kingine. Kugeuza deni kuwa hisa ni ujinga mtupu kama baada ya hapo huna uwezo wa kubadilisha chochote ndani ya kampuni, unakuwa umetupa haki ya kudai ukachukua karatasi. Yeye alikuwa na kitu ambacho mdai mwingine yeyote kwenye ile orodha hakuwa nacho, jina lake lilikuwa linauza tiketi Pittsburgh.

Na alikitumia kile kitu kwa namna ambayo hata mimi nisingeithubutu kuiandika kwenye mpango wa ufufuaji. Desemba 27, 2000 mmiliki alivaa jezi akarudi barafuni dhidi ya Toronto Maple Leafs. Sekunde 33 tu za mchezo, Jaromír Jágr anafunga kwa pasi yake. Baadaye akafunga na mwenyewe, wakashinda 5-0. Mwenye mali kawa mfanyakazi wa mali yake.

Lakini msidhani hapo mambo yakawa mteremko. Kiangazi cha 2001 walimuuza huyohuyo Jágr kwenda Washington, mchezaji bora kabisa waliyekuwa naye, kwa sababu za hela tu, na timu ikaporomoka mpaka mkiani. Kilichowaokoa ni mambo mawili ya mwaka 2005. Ligi ilitoka kwenye mgomo wa wamiliki uliokula msimu mzima, ikaja na kikomo cha mishahara cha dola milioni 39 kwa timu, maana yake Penguins wangeweza kushindana na matajiri (na fikiria Lemieux amekaa pande zote mbili za hiyo meza, kama mmiliki anashangilia, kama mchezaji mshahara wake umebanwa). La pili ni bahati tupu, walishinda bahati nasibu ya nani achague wa kwanza kwenye mgao wakampata Sidney Crosby, kijana wa miaka 17, ambaye Lemieux alimchukua akaishi naye nyumbani na familia yake kwa miaka kadhaa. Mwaka huohuo wadai wa ufilisi walikuwa wameshalipwa kama mpango ulivyosema. Mapigo ya moyo yasiyo sawa yakamstaafisha Lemieux moja kwa moja Januari 2006, magoli 690 kwenye mechi 915.

Likabaki jambo moja la kumuumiza kichwa, ukumbi. Ule wa Pittsburgh ulikuwa wa 1961, umechakaa. Timu ikawekwa sokoni, Jim Balsillie, bosi wa kampuni ya BlackBerry, akakubali kutoa dola milioni 175, halafu Desemba 2006 akajitoa, ligi ilikuwa inataka ahadi kwamba timu haitahamishwa. Kampuni ya kasino iliyoahidi kujenga ukumbi kwa milioni 290 nayo ikanyimwa leseni mwezi huohuo. Lemieux na wenzake wakaonekana Kansas City na Las Vegas wakikagua, mji mzima presha juu, na Machi 2007 serikali ya jimbo na ya mji zikakubali mpango wa ukumbi mpya, sehemu kubwa ikilipiwa na hela za kasino na za umma. Siku ya kuzindua ujenzi mwaka 2008 mwenyewe alikiri bila aibu kwamba kuhama hakukuwa kwenye mpango, zile safari walienda kula chakula kizuri cha jioni wakarudi. Kama mtu wa majadiliano namvulia kofia. Kama ningekuwa mlipa kodi wa Pittsburgh ningekasirika sana.

Ukumbi ulifunguliwa 2010. Makombe yakaja 2009, 2016 na 2017, akawa mtu pekee aliyebeba Kombe la Stanley kama mchezaji na kama mmiliki. Mwisho wa 2021 yeye na Burkle wakauza sehemu kubwa ya timu, vyombo vya habari Marekani vikaripoti thamani ya karibu dola milioni 900, na Lemieux akabakiza hisa kidogo. Mnunuzi alikuwa Fenway Sports Group (FSG), walewale wenye Liverpool. Kwa hiyo wewe wa Anfield unayegombana na FSG kila dirisha la usajili, jua tu hauko peke yako, Pittsburgh nako walikuja kuwajua.