Kabla ya Kumpandisha Mtoto Botini: Ushauri kwa Familia Zinazosafiri Ziwa Nyasa

Shule zinapofungwa mwezi Juni na mwezi Desemba, familia nyingi za Mbeya, Njombe na hata Iringa hushuka Kyela kwa mapumziko, na wengi wao hawaridhiki kukaa ufukweni tu. Wapo wanaopanda meli ya MV Mbeya II, iliyojengwa kubeba abiria 200 na mizigo tani 200, kutoka upande wa Kyela kuelekea Matema, Lupingu, Manda na bandari nyingine za mwambao. Wapo pia wanaokodi boti pale Matema kwenda Ikombe, kijiji cha Wakisi, kuangalia akina mama wanavyofinyanga vyungu. Ni safari nzuri kwa mtoto, na makala haya hayakuandikwa ili kumzuia mzazi asiende. Jambo linalotupa wasiwasi sisi tunaoshughulika na afya ya watoto ni kwamba maandalizi ya safari hizi huishia kwenye chakula na nguo, na suala la usalama majini huachiwa nahodha. Nahodha anaangalia chombo. Mtoto anaangaliwa na aliyekuja naye, na karibu kila kitakachomlinda mtoto huyo hupaswa kukamilishwa wakati familia ingali nchi kavu.

La kwanza kupangwa ni majira na saa. Upepo wa kusi-mashariki, ambao wavuvi wa ziwa hili huuita mwera, huvuma kwa nguvu kati ya Mei na Agosti, na kwa kuwa ziwa lina urefu wa kilometa zipatazo 580, mawimbi huwa yamesafiri umbali mrefu yanapofika huku kaskazini kwetu. Likizo ya Juni, kwa bahati mbaya, inaangukia katikati ya msimu huo. Kwa hiyo anayetaka kutumia boti ndogo mwezi huo apange safari ya asubuhi mapema, awaulize wavuvi wa pale ufukweni hali ya ziwa ikoje siku hiyo, na wakimwambia asubiri, asubiri kweli. Mzazi anayembembeleza mwenye boti aondoke kwa sababu muda wa likizo unakwisha anamweka mwenye boti huyo katika jaribu la fedha, na watoto ndio watakaolipa.

Kuhusu jaketi okozi tutakaa kidogo, maana hapa ndipo tunapokuta makosa mengi. Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto hata likikazwa namna gani: akiingia majini, jaketi huelea na mwili wake huchomoka kwa chini. Majaketi ya watoto hupangwa kwa uzito, na kiwango huandikwa ndani ya jaketi lenyewe, hivyo ni vyema mzazi ajue kilo za mwanawe za karibuni, ambazo kwa mtoto wa chini ya miaka mitano zipo kwenye kadi ya kliniki. Mtoto mdogo anahitaji jaketi lenye ukosi mkubwa unaoshikilia kichwa kikiwa juu ya maji, pamoja na mkanda unaopita katikati ya miguu. Kulipima ni rahisi. Mvishe mtoto, funga vifungo vyote, kisha shika jaketi kwenye mabega ulivute juu taratibu. Likipanda hadi kufunika kidevu au masikio, ni kubwa kwake na halitamsaidia. Maboya ya plastiki ya kupuliza, yale ya kuvaa mikononi au kiunoni yanayouzwa kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea, ni vitu vya kuchezea na hayachukui nafasi ya jaketi.

Kwa kuwa boti nyingi za kukodi hazina majaketi ya ukubwa wa mtoto, swali hilo liulizwe kwa simu kabla familia haijaondoka nyumbani, au familia ibebe majaketi yake. Mtoto asiyepatiwa jaketi linalomtosha abaki ufukweni na mtu mzima mmoja. Tunajua uamuzi huo unauma baada ya safari yote ya kutoka Mbeya, na bado ndio tunaoushauri.

Lipo pia suala la mbeleko, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mama wa kwetu akiwa na mtoto mchanga humfunga mgongoni kwa kanga au kitenge, na anapopewa jaketi okozi hulivaa kwa mbele huku mtoto akiwa bado amefungwa nyuma, au hulivaa juu ya mtoto. Jaketi zuri limetengenezwa kumgeuza mvaaji alale chali ili pua na mdomo vibaki juu ya maji. Mama akigeuzwa hivyo, mtoto aliyefungwa mgongoni ndiye anayekuwa chini, uso wake ukiwa majini, na fundo la kanga iliyolowa halifunguki haraka. Kwa hiyo mbeleko ifunguliwe kabla ya kupanda, mama avae jaketi lake, mtoto avishwe lake, na apakatwe kwa mikono. Kwa mtoto mchanga ambaye bado hajafikia uzito wa jaketi dogo kabisa linalopatikana, ushauri wetu ni kuahirisha safari ya boti ndogo mpaka akue.

Orodha ya abiria nayo ina maana yake. Watoto wadogo mara nyingi hawakatiwi tiketi, na kwa sababu hiyo majina yao huweza kukosekana kwenye orodha, ilhali waokoaji hutegemea orodha hiyo kujua wanamtafuta nani na wangapi. Hakikisha jina na umri wa kila mtoto vimeandikwa, hata wa miezi mitatu. Na chombo kikionekana kimejaa kupita kiasi, shuka. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018 kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria wapatao 100, na waliokufa walizidi 200. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC, ndilo lenye jukumu la kukagua usalama wa vyombo vya majini, na abiria ana haki ya kuuliza cheti cha ukaguzi na idadi ya watu inayoruhusiwa bila kuonekana mkorofi.

Mkishapanda, kila mtoto wa chini ya miaka sita awe na mtu mzima mmoja anayetajwa kwa jina kuwa ndiye mwangalizi wake kwa wakati huo. Panapokuwa na shangazi, mjomba, bibi na dada wa kazi wote kwenye sitaha moja, kila mmoja hudhani mwenzake anamwona mtoto. Kukabidhiana kufanywe kwa maneno yanayosikika, kwa mfano, “Shangazi, nakuachia Tumaini, naenda msalani,” na shangazi aitike kabla mama hajaondoka. Uzio wa sitaha hutengenezwa kwa kumfikiria mtu mzima, na nafasi kati ya vyuma vyake inaweza kumpitisha mtoto. Magunia na masanduku yaliyopangwa kando ya uzio humgeukia ngazi. Kaeni mbali nao, na chupa ya chai isiwekwe mahali itakapodondokea mapajani chombo kikiyumba.

Msisitizo huu una sababu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono, kwa sababu pumzi yote anaihitaji kwa kuvuta hewa na mikono inakandamiza maji. Huzama kimya, mara nyingi ndani ya dakika moja. Akitolewa majini asining’inizwe kichwa chini wala asikandamizwe tumbo ili atapike maji, mambo ambayo bado yanafanyika katika fukwe zetu na ambayo hupoteza muda na kuweza kusukuma matapishi kwenye mapafu. Kama hapumui, alazwe chali mahali pagumu, kidevu kiinuliwe, apewe pumzi tano za mdomo, kisha akandamizwe katikati ya kifua mara 30 na kupewa pumzi mbili, na kuendelea hivyo bila kukoma mpaka apumue au msaada ufike. Aliyezinduka apelekwe hospitali hata akionekana mzima, kwa kuwa maji yaliyoingia mapafuni huweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye.

Kichefuchefu ni usumbufu zaidi kuliko hatari, na kwa watoto wetu huanzia kwenye kosta, katika kona za Isyonje na Kiwira, kabla ziwa halijaonekana. Watoto wa chini ya miaka miwili hukipata mara chache; wanaosumbuka zaidi ni wa kati ya miaka miwili na kumi na miwili. Mpe chakula chepesi kisicho na mafuta saa moja au mbili kabla, mkalishe katikati ya chombo ambako hakuchezi sana, na mwonyeshe milima ya Livingstone atazame mbali badala ya kuinamia simu. Anayetapika anywe maji au ORS kidogo kidogo, na anayenyonya aendelee kunyonya. Dawa za kichefuchefu zisinunuliwe kwa kubahatisha: promethazini haipaswi kupewa mtoto wa chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kudhoofisha upumuaji wake.

Jua la ziwani huunguza mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji, hivyo kofia pana na mikono mirefu ni lazima, hasa kwa mtoto mwenye ualbino. Ziwa Nyasa lina kichocho pia, na konokono wanaokieneza hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo watoto wasichezee humo boti inaposubiriwa.

Malaria ndiyo inayosahaulika kabisa, kwa kuwa haihusiani na chombo chenyewe. Jiji la Mbeya liko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari na Kyela iko takriban mita 500, penye joto na mbu wengi; mtoto aliyekulia Uyole, Makambako au Iringa mjini kwa kawaida hana kinga ambayo mwenzake wa Kyela amejijengea kwa kuugua mara kwa mara. Beba chandarua chenye dawa hata kama nyumba ya wageni imekuahidi vyandarua. Vimelea huchukua siku saba au zaidi kabla ya kuleta homa, ambapo familia huwa imesharudi nyumbani kwenye baridi na kila mtu anadhani ni mafua. Mtoto akipata homa ndani ya mwezi mmoja baada ya safari, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, na mhudumu aambiwe bila kusubiri kuuliza kwamba mtoto huyu alilala Kyela au Matema na tarehe aliyorudi.