Base64 si usimbaji fiche, na heshi pia si usimbaji fiche

"Nywila za wateja ziko salama, tumezienkripti kwa Base64." Sentensi hii husemwa kwenye vikao vya miradi, huandikwa kwenye nyaraka za zabuni, na wakati mwingine hupitishwa na watu ambao kazi yao ni kuikataa. Inayo ndugu yake: "Usiwe na wasiwasi, tumeenkripti kwa MD5." Base64 ni namna ya kuiandika data kwa herufi za kawaida, na MD5 ni aina ya heshi, yaani hesabu inayotoa alama fupi ya data. Zote mbili zina kosa, na kosa lenyewe lina gharama, kwa sababu anayeziamini huacha kuweka kinga akidhani tayari ipo.

Usimbaji fiche, kwa kifupi, ni kuigeuza data kwa kutumia ufunguo, ili mwenye ufunguo airudishe kama ilivyokuwa na asiye nao asiambulie kitu, hata kama anaijua kanuni yote iliyotumika. Kipande hicho cha mwisho ndicho msingi. Auguste Kerckhoffs alikiandika tangu mwaka 1883: mfumo ubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui, mradi ufunguo haujamfikia. AES, kanuni ya usimbaji fiche ambayo leo inalinda diski za kompyuta na mawasiliano ya benki, ilitangazwa wazi na Marekani kuwa kiwango rasmi mwaka 2001. Kila hatua yake inasomeka na yeyote, na bado asiye na ufunguo wa biti 128 au 256 hana pa kuanzia. Hayo yanatosha kuhusu maana. Shida iko kwenye mambo mawili yanayofanana na usimbaji fiche kwa sura tu, yaani mfululizo wa herufi usioeleweka kwa macho.

Tuanze na Base64, maana ndiyo inayosumbua zaidi. Chukua neno "siri". Herufi zake nne ni baiti nne. Base64 huchukua baiti tatu kwa mkupuo, ambazo ni biti 24, huzigawa mafungu manne ya biti sita sita, kisha kila fungu hupewa herufi moja kati ya 64: A hadi Z, a hadi z, tarakimu 0 hadi 9, na alama za + na /. Mwishoni baiti zikipungua, nafasi hujazwa kwa alama ya =. Matokeo ya "siri" ni c2lyaQ==. Katika safari hiyo yote hakuna mahali palipohitaji ufunguo, kwa hiyo hakuna pa kumzuia mtu kurudi. Amri ya kurudisha ni fupi kama ile ya kwenda:

echo 'c2lyaQ==' | base64 -d

Na inaleta "siri", kwa kila mtu, kwenye kila kompyuta.

Base64 haikuzaliwa kuficha. Mifumo ya zamani ya barua pepe ilitengenezwa kubeba maandishi ya biti saba, kwa hiyo picha au faili ya programu iliharibika njiani. Viwango vya barua pepe vya mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikaiweka Base64 ili faili ya aina yoyote isafiri ikiwa na herufi ambazo kila mashine inazikubali. Bei yake ni ukubwa: kila baiti tatu zinakuwa nne, faili inanenepa kwa theluthi moja. Ni kama Waswahili wa Lamu, Mombasa na Unguja walivyoandika barua na tenzi kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Asiyezijua herufi hizo haambulii neno, lakini utenzi ule haukuwa umefichwa. Kilikuwa Kiswahili kilekile, na aliyepitia chuo cha Kurani aliusoma bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Ukishaizoea sura ya Base64 utaiona kila mahali. Jina na nywila zinazotumwa kwa utaratibu wa Basic kwenye HTTP ni Base64 tupu. Vitu vinavyoitwa Secret ndani ya Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, huonyeshwa kwa Base64, na bila mpangilio wa ziada huhifadhiwa hivyohivyo bila kusimbwa kwa njia fiche, japo jina lake linampa mtu matumaini. Tokeni za JWT, yaani vitambulisho ambavyo mfumo humpa mtumiaji aliyeingia, huanza na eyJ kwa sababu hivyo ndivyo bano la mwanzo la JSON (muundo wa kuandika data kwa maandishi) na alama ya kunukuu hutoka, likifuatiwa na herufi ndogo. Sehemu ya tatu ya tokeni ya kawaida ya JWT ni sahihi ya kidijitali (signature): inazuia mtu asibadilishe yaliyomo, lakini haimzuii kuyasoma. Ukiweka humo namba ya kitambulisho cha mteja, umemwonyesha kila atakayeishika tokeni hiyo.

Mfano ulio karibu na waandishi wa programu wa Kenya ni API ya Daraja ya M-Pesa, yaani njia ya programu kuzungumza na M-Pesa, kwa sababu ndani yake yamo yote mawili, usimbaji wa kawaida na usimbaji fiche, na watu huyachanganya kila siku. Ombi la STK Push, linalomletea mteja dirisha la kulipa kwenye simu, lina sehemu iitwayo Password. Inatengenezwa kwa kuunganisha shortcode (namba ya biashara), passkey (neno la siri la biashara) na wakati ulioandikwa kwa tarakimu 14 (mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde), kisha yote yanapitishwa kwenye Base64. Basi. Ukiwa na Password hiyo, isimbue, kata tarakimu za shortcode mwanzoni na 14 za mwisho, na passkey imebaki mkononi. Kinachoilinda njiani ni TLS, yaani usimbaji fiche wa muunganisho wa HTTPS. Ikiwa bado ndani ya seva yako hailindwi na chochote, kwa hiyo programu inayoandika maombi yote kwenye faili za kumbukumbu inaandika na passkey humo, na kila anayepewa nakala ya faili hizo "asaidie kutafuta hitilafu" amepewa passkey pia.

Sasa tazama ombi la B2C, la kumtumia mteja pesa. Hapo kuna SecurityCredential. Nywila ya mhusika anayeanzisha malipo inasimbwa kwa RSA, usimbaji fiche wenye funguo mbili, wa umma na binafsi, kwa ufunguo wa umma uliomo kwenye cheti, kwa ujazo (padding, yaani baiti za kujazia) wa PKCS#1 v1.5, na baada ya hapo ndipo matokeo yanapitishwa kwenye Base64 ili yaweze kukaa ndani ya JSON. Hapa usimbaji fiche upo kwelikweli, na Base64 ni kifungashio cha juu tu. Mwenye ufunguo binafsi wa upande wa pili ndiye peke yake anayeweza kuifungua. Wewe uliyeifunga, ukiisahau nywila, huwezi kuitoa tena kutoka kwenye SecurityCredential yako mwenyewe.

Kwa macho, zote mbili ni herufi zilezile za Base64. Namna ya kuzitofautisha ni kuzitengeneza mara mbili. Password yenye shortcode, passkey na wakati uleule itatoka vilevile hata ukirudia mara elfu. SecurityCredential itatoka tofauti kila mara, kwa sababu ujazo wa PKCS#1 v1.5 unaingiza baiti za bahati nasibu kabla ya kusimba, na zote zitakubaliwa. Wapo wanaoona inabadilika wakadhani maktaba yao ina hitilafu. Kubadilika huko ndiko kunakotakiwa. Urefu nao unasema jambo: RSA ya biti 2048 hutoa baiti 256 hata kama nywila ina herufi nane, na baiti 256 kwa Base64 ni herufi 344 zinazoishia na ==.

Hitilafu nyingi za hapa hazihusiani na siri hata kidogo. Amri ya echo bila -n huongeza alama ya mstari mpya mwishoni, na alama hiyo inasimbwa pamoja na vingine: "siri" inakuwa c2lyaQo= badala ya c2lyaQ==. Katika mazingira ya majaribio ya Daraja, shortcode 174379 ina tarakimu sita, passkey herufi 64, wakati 14, jumla 84. Hiyo inagawanyika kwa tatu, kwa hiyo Password sahihi ina herufi 112 na haina = mwishoni. Ukiona 116 na ==, kuna herufi moja iliyojipenyeza. Kosa jingine ni base64 ya Linux kukata mstari kila baada ya herufi 76. Tumia base64 -w 0, la sivyo JSON yako itabeba mstari uliovunjika katikati na seva itaikataa.

Heshi ni jambo la pili kati ya yale mawili. Ni hesabu inayochukua data ya urefu wowote na kutoa alama ya urefu mmoja: MD5 hutoa herufi 32 za heksadesimali, SHA-256 hutoa 64, uweke neno moja au filamu nzima. Haina ufunguo, na haina njia ya kurudi. Kwa hiyo swali "nitaidecrypt vipi hii MD5?" halina jibu, kwa sababu filamu ya gigabaiti mbili haiwezi kuwa imekaa ndani ya herufi 32. Tovuti zinazojitangaza kwamba zinafungua MD5 hazifungui kitu. Zina orodha ndefu ya maneno ambayo heshi zake zimeshapigwa, nazo zinatafuta heshi yako kwenye orodha.

Lakini kukosa njia ya kurudi hakumaanishi kwamba heshi inaficha, na hapa ndipo hata wenye uzoefu huteleza. Mfano ni namba za simu. Kampuni inasema imezificha namba za wateja kwa SHA-256 kabla ya kuwapa watu wa matangazo. Namba ya simu ya mkononi ya Kenya, baada ya 254, ina tarakimu tisa zinazoanza na 7 au 1. Ya Tanzania, baada ya 255, inaanza na 6 au 7. Kwa nchi moja ni namba zisizozidi milioni 200. Kompyuta ya mkononi hupiga heshi za SHA-256 mamilioni kwa sekunde, kwa hiyo inapitia namba zote za nchi nzima kwa dakika chache na kutengeneza jedwali la nani ni nani. SHA-256 haijavunjwa popote. Kilichokosekana ni wingi wa uwezekano, na kanuni haiwezi kuuongeza.

Kwa nywila, heshi ndiyo inayotakiwa, na usimbaji fiche ndio kosa. Seva haihitaji kuijua nywila yako. Inahitaji kuhakikisha kwamba uliyoandika leo ni ileile ya jana, na heshi inatosha. Adobe walipovamiwa mwaka 2013, nywila za watumiaji zaidi ya milioni 100 zilikuwa zimesimbwa kweli kwa njia fiche, kwa 3DES, kanuni ya zamani ya usimbaji fiche, katika hali ya ECB, kwa ufunguo mmoja kwa wote. ECB huyapa maandishi yanayofanana matokeo yanayofanana, kwa hiyo wenye nywila moja walionekana kama kundi, na vidokezo vyao vya kukumbushia nywila vilikaa pembeni bila kusimbwa. Watu wakazikisia nywila kwa kusoma vidokezo, bila ufunguo wowote. Heshi nayo ina makosa yake: LinkedIn mwaka 2012 zilivuja heshi milioni 6.5 za SHA-1 zisizo na chumvi (herufi za bahati nasibu zinazoongezwa kwenye nywila kabla ya kupiga heshi), na nyingi zilikisiwa haraka, kwa sababu SHA-1 ilitengenezwa iwe ya mbio.

Ndiyo maana nywila hupewa heshi zilizofanywa polepole kwa makusudi, kama bcrypt ya mwaka 1999 au Argon2 iliyoshinda shindano la heshi za nywila mwaka 2015. Matokeo ya bcrypt ni herufi 60, mwanzo wake ukiwa kama $2b$12$. Namba 12 ni kiwango cha kazi, yaani mizunguko 4,096, na kila ukiongeza moja kazi inakuwa maradufu. Zinazofuata ni herufi 22 za chumvi, tofauti kwa kila mtumiaji, na 31 za heshi yenyewe. Chumvi haifichwi, kazi yake ni kuzuia jedwali moja lisitumike kwa watu wote. Angalia pia kwamba bcrypt husoma baiti 72 za kwanza tu, kwa hiyo nywila mbili ndefu zinazotofautiana baada ya hapo zinaweza kuonekana moja.

Na hata usimbaji fiche halisi hauna maana ufunguo ukikaa pamoja na data. Ufunguo wa AES ulioandikwa ndani ya APK (faili ya programu ya Android) hupatikana na yeyote anayeifungua APK hiyo. Ufunguo uliopandishwa pamoja na msimbo kwenye Git, inayotunza kila toleo la msimbo, unabaki kwenye historia hata ukiufuta kesho. Dawa yake ni kuubadilisha.

Kwa hiyo mwenzako akisema imeenkriptiwa, muulize kwa upole: ufunguo uko wapi, na nani anao? Akisema hakuna ufunguo, msaidie kuipa kazi yake jina lake. Kama ni Base64, aseme imesimbwa kwa Base64, na kila mtu ataelewa kwamba inasomeka. Kama ni bcrypt, aseme nywila zimefanyiwa heshi, na hana haja ya kuona haya, kwa sababu hapo amefanya vizuri kuliko alivyojieleza. Sera ya faragha iliyoandikwa "nywila yako tumeihifadhi kwa usimbaji fiche" isomeke "hatuhifadhi nywila yako, tunahifadhi heshi yake". Ila kabla ya kuibadilisha, bonyeza pale palipoandikwa "nimesahau nywila" kwenye mfumo huohuo. Ukiletewa kiungo cha kuweka nywila mpya, sentensi hiyo inaweza kuwa kweli. Ukiletewa nywila yako ileile ya zamani kwa SMS, cha kurekebisha kwanza ni hifadhidata.