Tolani na ile hidrojeni inayogoma kutoka

Nimeshika alikaini nyingi kazini (molekuli zenye bondi tatu kati ya kaboni mbili) lakini difenilasetilini ndo naipenda kuliko zote, maabara tunaiita tolani tu. Ni C14H10, yaani pete mbili za benzini zimeungwa na kaboni mbili zenye bondi tatu, hapo katikati pamenyooka kama rula. Fuwele zake nyeupe, zinayeyuka kwenye nyuzi 62 hivi na unaweza kuziacha hewani zisiharibike.

Kuitengeneza unaanza na stilbini ya trans (pete zilezile mbili ila katikati kuna bondi mbili, na pete ziko pande tofauti), unaiwekea bromini, unapata dibromidi ya meso (kila kaboni ya katikati imebeba bromini moja), unga mweupe unaoyeyuka juu ya nyuzi 230, na kwa vile viyeyusho vingi vinaushindwa unashuka wenyewe chini ya chupa, kuuchuja dakika tu. Sasa unataka kutoa HBr (hidrojeni moja na bromini moja) mara mbili kwa potasiamu hidroksidi, na hapa wanafunzi wengi wanakwama maana wanadhani ni kazi ileile kuirudia. Hapana jamani. HBr ya kwanza inatoka vizuri kwa sababu bondi ya katikati bado inazunguka, hidrojeni na bromini zinajipanga kila moja na upande wake, besi (hiyo hidroksidi) inavuta hidrojeni, imeisha hiyo. Inayobaki ni bromostilbini, ina bondi mbili, haizunguki tena, na ukiichora utaona hidrojeni na bromini zimebanwa upande mmoja (ichore kwa mkono wako kabisa, ndo utaelewa). Zikiwa hivyo kutoka zinatoka ila kwa mbinde, ndo maana tunatumia kiyeyusho cha traiethilini glaikoli, chenyewe kinavumilia moto, tunapandisha mpaka karibu nyuzi 190. Ukitumia ethanoli inayochemka nyuzi 78 hatua hii ya pili itakwenda polepole sana.

Ikipoa mwagia maji, potasiamu bromidi inaondoka nayo, tolani inabaki, unaiyeyusha kwenye ethanoli kidogo ya moto halafu unaiacha ipoe taratibu, usiiharakishe na barafu mwanzoni, utafungia uchafu ndani ya fuwele.

Na ukiipima kwa infraredi usishtuke alama ya bondi tatu isipoonekana, wengi hapo wanatupa mzigo mzuri wakidhani wameharibu. Tolani kushoto na kulia inafanana, kwa hiyo bondi ile ikitikisika chaji haiegemei upande wowote na infraredi haioni kitu. Ipeleke kwenye mashine ya Raman (inapima mitikisiko ya bondi kwa mwanga unaotawanyika), utaikuta imesimama wazi karibu na 2220 cm⁻¹.