Haki ya mfungwa kutembelewa ana kwa ana: maana yake

Kutembelewa ana kwa ana ni ndugu kufika gerezani na kuonana uso kwa uso na mtu wake, kwa muda uliopangwa, askari magereza akiwa karibu. Simu haihesabiki, wala barua, wala video. Na wanaotaka haki hiyo ipanuliwe wana madai ya kueleweka: siku za kutembelea ziongezwe, muda urefushwe, watoto waruhusiwe kumkumbatia mzazi wao, na mfungwa awekwe gereza ambalo ndugu zake wanaweza kulifikia.

Hilo la mwisho, sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuhitaji kufafanuliwa. Kutoka Iringa mjini hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300. Mzazi wa Ludewa au Makete ambaye mwanawe yuko Gereza la Ruanda, Mbeya, anatafuta nauli ya kwenda na kurudi, pa kulala, na mtu wa kumwachia shamba. Ukiwa msimu wa kupanda viazi, haendi. Hakuna aliyemkataza, lakini haki yake imeishia stendi.

Niliwahi kumsindikiza mama mdogo kutoka Rungwe kwenda kumwona mwanawe katika gereza moja. Tulipanda gari la kwanza, ukungu bado umelala juu ya migomba. Kikapuni alikuwa na sabuni, dawa ya meno, kandambili na ndizi alizopika usiku. Getini tukaandikishwa, tukapekuliwa, ndizi tukaambiwa hazipiti. Tukakaa kwenye benchi mpaka saa sita. Jina lilipoitwa tukakuta wavu, na nyuma yake wafungwa wamesimama bega kwa bega, kila mmoja akipaza sauti ili wake amsikie. Mama mdogo alikuwa amekuja kumwambia kijana kwamba baba yake amezidiwa. Habari ya namna hiyo huwezi kuipigia kelele mbele za watu. Akamuuliza kama anakula vizuri, akapitisha vidole kwenye tundu za wavu, muda ukaisha. Habari ya ugonjwa tulirudi nayo Tukuyu.

Kwa hiyo kuonana kupo kwa aina mbili, na tofauti yake ni kubwa: kuna kule kwa kutenganishwa na wavu au kioo, na kuna kule kwa kukaa pamoja na kushikana mikono. Nelson Mandela alipopelekwa Robben Island mwaka 1964, mwanzoni aliruhusiwa mgeni mmoja kila miezi 6. Mkewe Winnie alikuja kumkumbatia mwaka 1984, katika gereza la Pollsmoor, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kutogusana.

Jina lake ndilo zililopewa Kanuni za Mandela, viwango vya chini vya kuwatendea wafungwa ambavyo Umoja wa Mataifa ulivipitisha upya Desemba 2015. Kanuni ya 58 inataka mfungwa awasiliane na familia mara kwa mara, ikiwemo kwa kutembelewa. Ya 59 inataka awekwe karibu na nyumbani kadiri inavyowezekana. Ya 43 inakataza kumnyima mfungwa mawasiliano na familia kama adhabu ya utovu wa nidhamu, na hapo ndipo neno "haki" linapopata uzito, kwa sababu zawadi hunyang'anywa mtu akikosea. Kwa akina mama kuna Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, zinazotaka mama na mtoto wakutane mahali pasipomtisha mtoto na waweze kugusana.

Wengi wakisikia mada hii huwaza unyumba. Hilo ni suala jingine lenye mjadala wake. Mtoto kumshika baba yake mkono hakuhitaji kusubiri mjadala huo uishe.

Hofu ya walinzi naielewa: bangi na simu hupenyezwa na wageni. Dawa yake ni upekuzi wa heshima na askari anayeona meza zote. Faida nayo imepimwa. Huko Minnesota, Marekani, idara ya magereza ilifuatilia wafungwa 16,420 walioachiwa kati ya 2003 na 2007, ikakuta waliokuwa wakitembelewa walikuwa na uwezekano mdogo zaidi, kwa asilimia 13, wa kutiwa hatiani tena kwa kosa kubwa.

Video nayo inafaa kwa aliye mbali, mradi isifunge mlango wa ugeni wa kawaida. Baadhi ya jela za wilaya Marekani ziliufunga, hadi jimbo la Texas likatunga sheria mwaka 2015 inayozitaka jela zake, isipokuwa chache zilizosamehewa, ziruhusu angalau kuonana mara mbili kwa wiki, dakika 20 kila mara. Mama mdogo hakuhitaji hata mara mbili kwa wiki. Alihitaji viti viwili vilivyo karibu, na dakika za kutosha kusema kwa sauti ya chini kwamba baba amezidiwa.