Visukuku vya Sibiloi havikukaushwa na jua

Watu wengi wanaamini visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, vya hifadhi ya Sibiloi, mashariki mwa Ziwa Turkana huko Kenya, vimedumu sababu jangwa ni kavu, yaani jua lilikausha mifupa mpaka ikawa mawe. Ni wazo linaloeleweka, ukifika kule joto na upepo vinakupokea pamoja. Lakini kilichohifadhi ile mifupa ni maji. Enzi hizo kulikuwa na mito na ziwa kubwa zaidi, mnyama akifa tope na majivu ya volkano yanamfunika haraka, halafu madini ya kwenye maji yanaingia polepole kwenye mfupa kwa miaka mingi sana. Jangwa limekuja baadaye, na upepo na mvua za ghafla ndo zinafukua.

Unataka kuhakikisha? Angalia mfupa wa mbuzi ulioachwa juani, unapasuka na kumeng'enyuka. Ukienda Sibiloi tazama magogo yaliyogeuka mawe, na visukuku vya kobe mkubwa na mamba vilivyoachwa palepale vilipofukuliwa, kisha muulize mgambo akuonyeshe matabaka ya majivu. Tafadhali usiokote hata kipande, kikishatoka kwenye tabaka lake umri wake ni shida kuujua.