Bastola mita 200: chuma cha mbali kinavyokuumbua

Kila nikimwambia mtu kwamba nafundisha kupiga shabaha ya mita 200 kwa bastola jibu ni lile lile, bastola haifiki huko bwana, bastola ni ya mita 10 au 15, ukizidi hapo tafuta bunduki. Inafika. Tena inafika ikiwa bado na nguvu ya kumwangusha kondoo wa chuma, yaani shabaha ya bamba la chuma lililokatwa umbo la kondoo, mwenye kilo zaidi ya 20. Ukiibana bastola nzuri kwenye jiliwa ukaipiga bila mkono wa mtu kuigusa, matundu yake yanakaa karibu karibu hata huko mbali, kwa hiyo chombo hakina shida, shida ni mimi na wewe tulioishika. Mita 10 inakustiri, mita 200 inakuumbua, na leo nataka nieleze inakuumbuaje hasa, kwa hesabu, manake maneno ya "tulia tu halafu lenga vizuri" hayajawahi kumsaidia mtu.

Tuanze na saiti, yaani vile vilengeo viwili juu ya bastola, cha nyuma chenye kimwanya na cha mbele unachokikalisha ndani ya kimwanya hicho. Bastola nyingi, kutoka saiti ya nyuma hadi ya mbele kuna kama milimita 150 tu. Sasa chukua kosa dogo sana, saiti ya mbele imeegemea kushoto kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi ya kawaida, hata huioni. Kwa mita 25 kosa hilo linakupeleka pembeni milimita 17, bado uko ndani, bado unajisifu. Kwa mita 200 karatasi ile ile inakuwa sentimita 13. Na ukikosea milimita nzima (watu wanakosea hivyo kila siku, hasa wakivuta triga kwa kushtuka) umetoka nje kwa mita moja na sentimita 33. Bunduki ndefu inakusamehe kwa sababu saiti zake zimeachana mbali, bastola haina huruma hiyo.

Hapo ndo inakuja habari ya jicho. Jicho haliwezi kuona saiti ya nyuma, saiti ya mbele na shabaha zote zikiwa safi kwa wakati mmoja, lazima uchague, na karibu kila anayeanza anachagua shabaha kwa sababu iko mbali na ni ndogo na anaogopa itampotea. Chagua saiti ya mbele. Iache shabaha iwe ukungu, iwe doa tu, hiyo haina neno. Mkono ukitikisika huku saiti zimekaa sawa kwenye kile kimwanya, risasi itaangukia mle mle ndani ya eneo unalotikisikia, lakini saiti zikikaa upande hata mkono ukitulia kama jiwe risasi imeshapotea. Nina mwanafunzi mmoja ilimchukua miezi kukubali hilo, alikuwa anaona kama namwambia afumbe macho. Siku aliyokubali alipiga kuku wanne kati ya watano halafu akanigeukia kama mimi ndo nimemdanganya miezi yote ile. (Kuku wa chuma, tutafika huko.)

Wenye umri wa miwani ya kusomea wanajua shida nyingine, saiti ya mbele nayo inakuwa ukungu. Kitundu kidogo kinachobandikwa kwenye kioo cha miwani kinasaidia sana, kwa sababu tundu dogo linaongeza kina cha kuona, vile vile mtu anavyokunja macho ili asome kibao cha mbali.

Haya, risasi inashuka. Hii watu wanaijua ila hawajui ni kiasi gani. Chukua .44 Magnum, risasi nene ya revolva (bastola ya silinda inayozunguka), ya gramu 15.5 hivi inayotoka kwa mita 410 kwa sekunde. Ukiwa umeweka saiti zako zikubaliane na mita 50, basi kwa mita 200 risasi itakuwa chini ya pale unapolenga kwa kama mita moja na robo. Mita moja na robo! Utafanyaje sasa, utalenga juu ya kondoo, angani, mahali ambapo hakuna kitu cha kulengea? Wengi wanafanya hivyo na wanapiga udongo siku nzima.

Njia safi kwa mwenye saiti za kuzungusha ni kuzungusha, unahesabu mibofyo, unaandika kwenye kidaftari, mita 50 ni hapa, mita 100 ni hapa, basi. Lakini iko njia ya wazee ambayo mimi naipenda kuliko zote na iliyotangazwa sana na Elmer Keith, yule Mmarekani ambaye ni mmoja wa waliosukuma .44 Magnum ikazaliwa katikati ya miaka ya 1950. Huinui bastola juu ya shabaha. Unainua saiti ya mbele ichomoze juu ya ile ya nyuma, halafu shabaha unaikalisha juu kabisa ya ncha ya saiti ya mbele, kama ndege aliyetua kwenye nguzo. Keith alikuwa ametia vistari vya dhahabu kwenye saiti yake ya mbele ili ajue ainue hadi wapi. Hesabu yake ni rahisi, revolva yenye milimita 200 kati ya saiti na saiti, kuinua mita moja na robo kwa umbali wa mita 200 unahitaji saiti ya mbele ichomoze milimita moja na robo. Ndo hiyo tu. Shabaha unaiona muda wote, huna haja ya kulenga wingu.

Sasa tufike kwenye kitu ambacho ukiniuliza mimi ndo kiini cha mchezo wote na hakisemwi vya kutosha, mshiko. Watu wanadhani teke la bastola linaanza risasi ikishatoka. Hapana. Risasi inakaa ndani ya mtutu kama sehemu moja ya elfu ya sekunde na muda huo huo bastola imeshaanza kurudi nyuma na kunyanyua mdomo, kidogo sana, ila imeshaanza. Ndo maana kwa umbali mdogo risasi nzito inayokwenda polepole mara nyingi inapiga JUU kuliko nyepesi yenye kasi, wageni wanashangaa sana, wanadhani nzito lazima ishuke. Inakaa ndani muda mrefu zaidi, mdomo unapata nafasi ya kunyanyuka zaidi, basi inatokea ikiwa imeelekezwa juu.

Maana yake ni kwamba mkono wako ni sehemu ya saiti. Leo ukishika kwa nguvu kesho ukalegeza, mdomo unanyanyuka tofauti, risasi inatoka na pembe tofauti, na hukugusa saiti hata kidogo. Kwa mita 15 huwezi kujua. Kwa mita 150 unaanza kuilaumu baruti, unaulaumu upepo, unamlaumu fundi. Mimi huwa nawaambia wanafunzi sijali unashika kwa nguvu kiasi gani ilimradi ni kiasi kile kile, risasi ya kwanza na ya arobaini, na kidole gumba kikae pale pale na kiganja kipande juu pale pale. Kuna zoezi nawapa, waweke bastola mezani, waishike, waiache, waishike tena, mara hamsini bila risasi hata moja ndani na nimekagua mwenyewe kwamba haimo, na wanalichukia zoezi hilo kuliko kitu chochote.

Risasi zenyewe nazo zifanane. Ile .44 yetu, tuseme moja imetoka kwa mita 410 na mwenzake kwa mita 395, tofauti ya 15 tu. Kwa mita 25 tofauti ya kushuka ni milimita moja na kitu, upuuzi. Kwa mita 200 ni sentimita 12 hivi. Ongeza zile 13 za saiti, ongeza mshiko, unaona kondoo anavyopona.

Upepo nitaupitia haraka kidogo, ila kuna jambo moja linawachanganya wengi. Upepo hausukumi risasi kwa muda wote iliokuwa hewani, hesabu inategemea muda iliopoteza. Bila hewa .44 yetu ingefika mita 200 kwa sekunde 0.49, kwenye hewa inatumia karibu 0.58, imepoteza 0.09, sasa zidisha na upepo wa pembeni wa mita 4 kwa sekunde unapata sentimita 36. Upepo wenyewe ni wa kutikisa majani na vijiti vidogo, wala hauwezi kukuvua kofia. Kwa hiyo risasi isiyopoteza kasi ndo inayoushinda upepo, haijalishi sana ilianza na mbio kiasi gani.

Kuku na kondoo wa chuma ni mchezo uliotoka Meksiko, kule walikuwa wanapiga kwa bunduki, kuku mita 200, nguruwe 300, bata mzinga 385, kondoo dume 500. Wamarekani wakaupenda, wakautengenezea wa bastola, na mwaka 1976 kikaanzishwa chama cha mchezo huo, IHMSA, umbali ukawa kuku mita 50, nguruwe 100, bata mzinga 150 na kondoo 200. Wanasimamishwa watano watano, una dakika 2 kwa hao watano, risasi moja kila mmoja. Bata mzinga ndo mbaya wao, muulize yeyote, kwa macho ni mkubwa ila kiwiliwili cha kupiga ni kidogo na shingo haina maana. Bastola zilizotawala mchezo zilikuwa zimeshatoka kabla, Remington XP-100 ya 1963 ambayo kwa kweli ni bunduki iliyokatwa, na Thompson/Center Contender ya 1967, inakunjuka katikati kama bunduki ya kuwindia ndege, inabeba risasi moja tu na mitutu yake inabadilishwa.

Kitu cha kikatili kwenye mchezo huu ni kwamba kupiga hakuhesabiwi, kunahesabiwa kuangusha. Mwanafunzi anafyatua, kimya, halafu baada ya zaidi ya sekunde moja, maana risasi imekwenda na sauti lazima irudi, inakuja ngiiing. Anaruka.

"Kocha nimempiga! Nimesikia!"

"Umempiga ndiyo. Mwangalie, bado amesimama."

Labda risasi ilimgusa mguuni, labda ilikuwa nyepesi. Risasi ya 9mm ikifika huko ina karibu nusu tu ya msukumo wa ile ya .44, inamkwaruza rangi kondoo na kumwacha palepale.

Kuna kupiga umesimama na kuna mtindo huru ambao wengi wanalala chali miguu ikielekea shabaha, goti limekunjwa, bastola inaegemea nje ya mguu. Ukionekana mara ya kwanza utachekwa, unaonekana kama mtu aliyeanguka na bastola. Ila inatulia ajabu. Tahadhari moja tu kama unatumia revolva, kati ya silinda na mtutu kuna kimwanya, na kwenye kimwanya kile kila ukifyatua inatoka gesi ya moto na vichembe vya risasi kwa pembeni, yaani moja kwa moja kwenye mguu wako. Mimi niliambiwa nivae kinga ya ngozi nikasema nitavaa raundi ijayo. Raundi hiyo hiyo, risasi ya tatu nikahisi kama nimechapwa fimbo pajani, kuangalia suruali imekatwa mstari mnyoofu kabisa kama kwa wembe, na chini yake ngozi imekuwa nyekundu. Suruali ile bado ninayo, naitundika darasani.

Wapenda karatasi nao walikuwa na mchezo wao, bastola ya mita 50 ya Olimpiki, ya risasi ndogo ya .22, mkono mmoja, umesimama, na duara la katikati la pointi kumi lina upana wa milimita 50. Jin Jong-oh wa Korea Kusini alichukua dhahabu tatu mfululizo, 2008, 2012 na 2016, na katikati hapo, 2014 kule Granada, akapiga 583 kati ya 600 na kuifuta 581 ya Aleksandr Melentiev iliyokuwa imedumu tangu Moscow 1980. Baada ya Rio mchezo huo ukaondolewa Olimpiki. Kwangu mimi ule ndo ulikuwa mtihani safi kuliko yote wa bastola, basi tena.

Ukitaka kuanza anza na .22, kwa mita 50, kwenye renji yenye kibali na wewe mwenyewe una kibali, na nyuma ya shabaha kuwe na tuta la udongo la kweli, sio kichaka, sio "huko nyuma hakuna mtu". Hako ka .22 kanakoonekana kama mchezo kanaweza kwenda kilomita moja na nusu, na kwa huu mchezo wa kunyanyua pembe ukikosea juu kidogo tuta dogo unaliruka. Macho na masikio yafunikwe muda wote, chuma kinarudisha vipande. Piga kumi za kwanza bila kwenda kuangalia matundu, usiguse saiti, ukimaliza ndo ukaangalie. Kama matundu yamekaa pamoja ila pembeni, zungusha saiti. Kama yametapakaa kila mahali usizungushe kitu, rudi mezani tukaanze kushika na kuachia, mara hamsini.